Kompyuta Iliyomuua Bi Kazija

Watu hawaniulizi kwa nini nakusanya kompyuta za kizamani. Wananitukana kwa sura ya swali. Mke wangu Maryam anakiita chumba changu cha nyuma ya duka, hapa Mlandege, "makaburini", na akiniletea chai husimama mlangoni kama anayeogopa kukanyaga maiti. Jirani yangu muuza simu huwaleta wateja wake wanitazame: "Mwoneni mzee huyu. Dunia nzima inakwenda mbele, yeye katia gia ya nyuma." Nami huwajibu kwa adabu yote niliyonayo, ambayo haijai kijiko. Rafu zangu zimejaa kutoka sakafuni mpaka darini, na ukija na macho ya huruma utasema ninazo elfu moja, sitakukatalia. Zote ni kompyuta za nyumbani za zama zile ambapo kompyuta ilikuwa kibodi tupu, unaichomeka kwenye televisheni ya kichogo na kuilisha programu kwa kanda ya kaseti, ile ile ya kusikilizia taarabu. Moja niliitoa Kizimkazi kwa nahodha anayepeleka watalii kutazama pomboo. Alikuwa akizuilia mlango usipigwe na upepo, akakataa katakata kunipa mpaka nilipomletea jiwe zito kuliko hiyo kompyuta. Nyingine niliifungua nikakuta taifa zima la sisimizi, lina mfalme na jeshi, wakanifukuza dukani kwangu mwenyewe. Nazisafisha kwa spiriti, nabadilisha vilivyovimba, nalehemu vilivyokatika, na zikiwaka nacheka peke yangu kama mwehu. Lakini katikati ya rafu ya juu kabisa pana nafasi tupu, na Maryam anajua haiwekwi kitu, hata kikombe. Nafasi ile ilikuwa ya kompyuta yangu ya kwanza. Nilijua ilipo siku zote. Ilikuwa Malindi, mwendo wa kwenda na kurudi kabla chai haijapoa, ghorofani kwa mwanamke ambaye tangu ujana wangu sikuwahi tena kukanyaga kizingiti chake.

Bi Kazija alipofariki nilisikia redioni kama kila mtu, kwenye matangazo ya vifo, mkono wangu umeshika chuma cha kulehemu. Nikasema linalosemwa, nikaendelea na waya wangu. Maziko sikwenda. Halafu siku moja simu ikalia, sauti ya mtu aliyelazimishwa.

"Makame."

"Naongea na nani?"

"Hemed. Wa Malindi. Usijifanye umesahau." Nikaweka chini bisibisi, naye akaendelea. "Kesho kutwa hitma ya arobaini ya shangazi. Kasema uitwe."

"Kasema lini?"

"Kasema kabla hajafa! Kwani we ulidhani kasema baada? Na lile bati lako lipo. Njoo ulitoe, mimi sitaki kuliona."

Akakata. Nikakaa nikitazama ile nafasi tupu, na nakwambia mwaka mzima niliokaa Malindi ukanirudia puani, kwa sababu mwaka ule kwanza ulikuwa harufu: papa mkavu wa sokoni na mafuta ya meli, vikipanda pamoja kwenye dirisha dogo la chumba cha chini ya ngazi.

Nilikotoka na nani alinizaa hayamo humu. Yatosha kwamba nilikuwa kijana wa Tumbatu, mchana nikifagia kwa fundi wa redio hapa hapa Mlandege, jioni nikienda skuli ya usiku, na kwamba Bi Kazija alinipangisha kile chumba kwa sababu, alivyosema mwenyewe, "paka nnao, nnataka mtu wa kunichotea maji." Alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea kama anayekwenda kumkamata mwizi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, mtoto wa kaka yake aitwaye Hemed, karani wa bandarini mwenye kalamu mbili mfukoni na kazi ya kalamu nusu, na televisheni ya rangi, iliyokuwa mfalme wa mtaa ule. Vita yetu ilianza siku ya kwanza. Aliniita kutoka juu, "Makame!" nami nikajibu, "Eee?" Akateremka ngazi zote. "Eee ndio nini? Mtu akiitwa huitika naam. Huko kwenu mnaitikiaje, kama mbuzi?" Basi tokea hapo, wallahi, neno lile likanikwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Akiniita nasema "Nnasikia." Akiniita nasema "Nnakuja." Mara moja nilisema "Nshakuja" nikiwa bado kitandani. Angeweza kunipa nyumba nzima kwa naam moja, nisingeitoa. Naye alikuwa na silaha yake. Televisheni ikizimwa huifunika kanga, na kila kanga aliichagua kwa ajili yangu. Napanda na ndoo asubuhi nakuta imeandikwa UMEKUJA KWA MIGUU USIJIFANYE UNA MBAWA. Najibu kwa kumwaga maji ngazini. Kesho yake naikuta nyingine, MWENYE ADABU HAHITAJI KUITWA MARA MBILI. Sijui alizipata wapi. Nadhani viwanda vilimfanyia kazi usiku na mchana. Na bado, nikirudi skuli, sahani yangu ilikuwa imefunikiwa ngazini, muhogo wa nazi na kipande cha samaki, na kipande hicho siku zote kilikuwa cha mkia, nijue nafasi yangu.

Ile kompyuta ilikuja dukani kwa fundi mikononi mwa baharia aliyeitoa Arabuni akidhani ni redio. Alitaka itengenezwe ishike stesheni. Fundi aliigeuza, akaitikisa, akainusa. Meli ikaondoka na baharia wake, na mwenyewe hakurudi. "Chukua," fundi akaniambia, "kinanitazama vibaya." Ilikuwa nyeusi, ndogo kama msahafu, vibonye vyake laini kama ufizi wa mtoto mchanga, na ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha Kiingereza cha namna ya kuiamrisha mstari kwa mstari. Mwalimu wetu wa skuli ya usiku alitufundisha Kiingereza kwa hadithi za theluji. Mimi nilikisoma kwenye kitabu kile, ndio maana mpaka leo siwezi kumuomba Mzungu kikombe cha maji lakini naweza kumwamuru arudi mstari wa ishirini. Tatizo lilikuwa kioo. Bila televisheni, kompyuta ile ilikuwa kipande cha ubao, na televisheni ilikuwa ghorofani chini ya kanga.

Nilipanda kwa adabu ya kuazima. "Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Umevunja nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akichambua mchele, bila kunitazama. "Yaani unataka kumchomeka mdudu wako kwenye televisheni yangu."

"Si mdudu, bi. Ni kompyuta."

"Na inafanya nini?"

"Inafanya unaloiambia."

"Basi imekushinda wewe." Akasukuma ungo. "Baada ya magharibi, kabla ya taarifa ya habari. Na ukiniunguzia televisheni yangu, Makame, ntakuchoma wewe niangalie moto."

Ndiyo nikapewa dakika zangu kila jioni, mbele ya hadhira iliyonichukia. Wanawake wa mtaa walikuja mapema kukamata nafasi kwenye mkeka wasubiri mchezo wa kuigiza, na badala yake wananikuta mimi nimepiga magoti mbele ya kioo, kaseti inalia kama paka aliyebanwa mlangoni, maana programu ikisomwa kwenye kanda hutoa kelele ya kuchefua roho. "Zima hiyo, kichwa kinatuuma!" "Kanda yako imeliwa, kijana, itupe!" Hemed huegemea dirisha na kalamu zake mbili. "Mtumbatu anaita meli." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikaapa kuwafumba midomo. Nitaandika programu ambayo hakuna mtu wa mtaa ule atakayethubutu kuicheka, na kwa akili yangu ya wakati ule nikaona jambo moja tu ambalo watu wote wa nyumba za mawe hawalichekei: mirathi. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikuwa nimesomeshwa mafungu, nani apate nusu, nani thumni, nani akae atazame. Skuli ya usiku ilinipa hesabu. Nikaishona programu kwa miezi. Unaiambia jina la marehemu, unajibu maswali, ana mke, ana mtoto, ana kaka, nayo inakugawia. Na kwa kuwa mimi, hata wakisema nini, nililelewa, niliona si adabu mashine imtaje maiti hivi hivi, mkavu. Kwa hiyo nikaiamrisha: likitiwa jina la marehemu, kwanza kabisa ijaze kioo kizima kwa herufi kubwa za kijani INNA LILLAHI WA INNA ILAYHI RAJIUN, chini yake MAREHEMU na jina, ikae hivyo kwa utulivu mpaka mtu abonyeze tena, ndipo ianze kuuliza ya warithi. Mpaka leo nashikilia ilikuwa programu yenye heshima kuliko zote zilizowahi kuandikwa.

Jioni yenyewe, Bi Kazija alikuwa chumbani kwake anasali magharibi. Sala yake ilikuwa fupi, lakini uradi wake ulikuwa mrefu; akishatoa salamu hukaa na tasbihi mpaka taarifa ya habari, na hapo huwezi kumtoa hata kwa moto. Mkekani wamejaa. Kanda ikalia, wakaguna, kioo kikasafika, swali likatoka: JINA LA MAREHEMU? Nikageuka kuwaeleza, kwa sauti ya mhadhiri, kwamba hapa mtu hutia jina lolote la mfano. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia vibonye. Hemed kainama, kidole kimoja kimoja kama kuku anadonoa: BI KAZIJA. Akabonyeza. Nilipogeuka kioo chote kilikuwa kijani.

Wale wa mkekani waliona kidole cha Hemed, wakapiga kelele za kustaajabu. Balaa ilikuwa mlangoni. Kila jioni walikuwepo waliochelewa, wanasimama kwenye ngazi wanachungulia juu ya vichwa, na wao hawakuona kidole, waliona televisheni. Na televisheni, kama redio, haisemi uongo juu ya kifo. Mwanamke mmoja wa ngazini akaweka mikono kichwani. "Yallah! Bi Kazija! Wametangaza!" Kilio chake kilishuka ngazi, kikatoka mlango mkubwa, kikapiga kona sokoni, na kabla sijapata waya wa kuchomoa Malindi nzima ilikuwa inapanda, nakwambia mpaka wapagazi wa bandarini waliacha magunia. Wengine walishajifunika kanga vichwani. Wa mkekani walijaribu kuwazuia, "Hajafa, ni mchezo wa kijana!" lakini nani alisikia? Mwenye kulia hasikii. Na baada ya muda nikaona hata wale wa mkekani wawili watatu wanafuta macho, wameambukizwa.

Nami nikiwa nimebanwa ukutani na kompyuta kifuani, waya wake bado kwenye televisheni, nikasikia yote yaliyosemwa. "Maskini, hakuwa mbaya, ulimi tu." "Ulimi? Ule si ulimi, ni kisu cha samaki." "Ungo wangu anao tangu Ramadhani, sijui ntaupataje sasa." "Mwenyezi Mungu amsamehe, chumvi hakuwahi kumpa mtu." Na mtu mmoja, mzee wa msikitini aliyefika amekwishatuma jeneza lifuatwe, akamshika Hemed bega: "Pole, mwanangu. Nyumba hii sasa iko mikononi mwako." Hapo Hemed angeweza kusema, jamani, shangazi yuko chumbani, ni mimi nimechapa. Neno moja tu. Lakini alitazama kuta, akatazama dari, nikaona uso wake unapendezwa. Akasema: "Funguo ya mlango mkubwa sijui huiweka wapi."

Pazia la chumbani likafunguka. Bi Kazija alikuwa na nguo zake za kusalia, nyeupe kutoka utosini mpaka unyayoni, uso tu nje, tasbihi mkononi. Sijapata kuona ngazi ikiteremkwa vile. Waliokuwa juu walipita juu ya waliokuwa chini. Waliokuja na jeneza wakaliacha limekwama kwenye kona ya ngazi na kukimbia, wazee wale, mbio za ujana. Ukumbi ukabaki na watu watatu. Alitazama kioo, akasoma jina lake mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu sana, kwa Hemed: "Funguo naiweka kiunoni." Na kwangu: "Makame."

Sikuitika chochote.

"Nani kaniua?"

Nikamwonesha Hemed kwa kidole. Hemed akanionesha mimi. "Mashine yake, shangazi! Mie hata sijui kuitumia!" Bi Kazija alininyang'anya kompyuta kifuani, na waya wake na kanda yake, akavikumbatia. "Hiki kimeniua mimi, na mimi ndiye mwenye maiti. Kitakaa kwangu mpaka nife kweli. Na wewe ushuke na kirago chako."

"Si mimi niliyechapa!"

"Ushuke."

Nikashuka kupitia chini ya jeneza lililokwama, na hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwa mtu kwa fedheha zaidi. Wiki nzima watoto wa Malindi waliniita Izraili. Fundi alinihifadhi dukani, nikamaliza skuli ya usiku nikilala chini ya meza ya redio, na cheti changu nilikipokea shati likinuka lehemu. Miaka ikapita, nikafungua duka langu, nikaanza kuokota kompyuta za wenzangu kwa kuwa yangu ilikuwa mateka. Bi Kazija hakuacha vita. Kila baada ya muda hunijia mtu wa Malindi, analeta redio ya kutengeneza, na akitoka hugeuka mlangoni: "Bi Kazija anasema chombo chako kipo, hakijaguswa na vumbi. Njoo uitwe, uitike naam, uchukue." Nami namrudishia mtu yule yule: "Mwambie amwite aliyechapa." Tulipelekeana salamu hizo mpaka wapeleka salamu wakazeeka. Kuna mwaka nilifika mpaka kona ya sokoni, nikaliona dirisha lake, nikanunua papa nisiyemtaka, nikarudi.

Siku ya hitma nilikaa barazani na wageni, nikasoma pamoja nao, nikala pilau ya watu bila aibu. Hemed amenenepa, kalamu imebaki moja. Watu walipoanza kutoka akaniita ngazini, pale pale kwenye kona, mkononi mwake furushi la shuka kuukuu lililofungwa mafundo kama la mtu anayehama.

"Chukua balaa lako. Unajua hiki kimenifanya nini?"

"Wewe ndiye uliyechapa, Hemed."

"Nilichapa, sawa! Na nani aliyeandika ile marehemu? Mimi?" Sauti yake ilipanda mpaka wanaoosha sufuria uani wakanyamaza. "Mwezi ule ule kaiweka nyumba wakfu. Chuo cha Kurani cha watoto, juu mpaka chini. Nimekaa humu miaka yote hii kama mpangaji, nnamtibu, nnambeba, na kila nikimpa dawa ananiuliza, Hemed, funguo umeiona? Mashine yako imenikosesha nyumba, yakhe."

"Mashine yangu haikusema neno la funguo."

Alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na nilikwishapima ngazi ya kuangukia. "Toka," akasema. "Nshachoka na nyinyi wawili."

Dukani niliufunga mlango wa mbele, Maryam kasimama pale pale penye mpaka wake. Nikafungua mafundo. Ndani ya shuka kulikuwa na kanga iliyokunjwa mara nyingi, mpya, bado ina wanga wa dukani, na ndani ya kanga kompyuta yangu. Hakukuwa na punje ya vumbi. Vibonye vilikuwa vimepanguswa. Alikuwa anaipangusa, mwanamke yule, miaka yote ile. Kanga nikaitupa kitini. Nikaifungua kompyuta, nikaisafisha, nikabadilisha kilichovuja, nikapangusa kichwa cha kaseti kwa spiriti, nikaichomeka kwenye kichogo. Kanda ikagoma. Nikaizungusha kwa penseli, nikaipa tena. Ikalia kile kilio chake cha paka, na Maryam, aliyewaapia ndugu zake wote kwamba hatovuka mpaka ule, akavuka, akakaa kwenye boksi tupu. Kioo kikasafika.

JINA LA MAREHEMU?

Alama ndogo ya kuandikia ikawaka na kuzimika baada ya swali, inasubiri. Mara hii jibu lilikuwa sahihi. Niliweka kidole juu ya kibonye cha kwanza.

"Andika basi," Maryam akasema. "Si ndiyo kazi yake?"

Kidole kilikataa. Sikutaka kuzima wala sikuweza kutazama, basi nikafanya alivyokuwa akifanya yeye: nikainyakua ile kanga kitini, nikaikung'uta mikunjo yake, nikaifunika televisheni. Ndipo yalipoonekana maandishi, na mwanga wa kioo nyuma yake, unawaka na kuzimika.

HUKUJA NIPO UTAKUJA SIPO.

"Imeandikwa nini?" Maryam akauliza, hakuwa na miwani.

Sikumjibu yeye. Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama kijana aliyeitwa kutoka ghorofani.

"Naam," nikasema. "Naam, Bi Kazija."